Bloku inayoshuka: mlipuko haubebwi na wenzo

Swali: Nina bunduki ya kuwindia ya risasi moja moja. Ukivuta wenzo ulio chini ya kifyatulio, kipande cha chuma kinashuka na chemba, mahali risasi inapokaa, inabaki wazi. Kwenye bunduki za bolti, zile za chuma cha kugeuza kwa mkono, naona meno yanavyojifunga. Kwenye hii sioni kitu zaidi ya wenzo mwembamba na pini mbili tatu. Ni nini kinachozuia chuma hicho kisifunguke risasi inapolipuka? Na kwa nini mara nyingine wenzo unakuwa mgumu baada ya kupiga, au ganda linagoma kutoka?

Jibu:

Kufuli unalolitafuta umelitafuta kwenye wenzo, na wenzo hauna kazi hiyo. Kazi yake ni kupandisha na kushusha bloku, yaani hicho kipande cha chuma, basi. Anayebeba mlipuko ni ukuta wa chuma ulio nyuma ya bloku, ndani ya bodi ya bunduki.

Chukua komeo la mlango, lile la chuma linalopita kwenye pete. Mtu akisukuma mlango kwa nje, nguvu yake inalikandamiza komeo upande wa pete. Hailisogezi kuelekea kule linakofungukia. Bloku ni hivyo hivyo. Inapanda na kushuka ndani ya mfereji wa wima uliochongwa kwenye bodi, na mlipuko unaisukuma kwenda nyuma. Mwelekeo wa nguvu na mwelekeo wa kufunguka vinakaribia pembe mraba, kwa hiyo kadiri mlipuko unavyosukuma ndivyo bloku inavyozidi kubanwa ukutani.

Tuweke tarakimu. Risasi ya .30-06, aina moja ya risasi za bunduki, imewekewa kikomo cha shinikizo cha takriban megapaskali (MPa) 414. Kipenyo cha ndani cha ganda karibu na kitako chake tukikadirie kuwa milimita 10, yaani eneo la milimita za mraba 78 na ushee. Zidisha: unapata kama kilonyutoni 32, sawa na uzito wa tani tatu na zaidi, kwa muda mfupi mno. Sehemu ya nguvu hiyo inapunguzwa na kuta za ganda zinaponata kwenye chemba, lakini bodi inatengenezwa ikidhani kwamba haipunguzwi. Hakuna pini ya milimita 5 au 6 inayoweza kusimamia mzigo huo kila siku. Ukuta wa bodi unauweza bila shida.

Uzuri mwingine ni kwamba njia ya nguvu ni fupi. Mtutu umeingia kwa hesi upande wa mbele wa mfereji, ukuta unaobeba uko mara tu nyuma ya bloku, na kati yao ni mbavu mbili za bodi zinazovutwa. Chuma kifupi kinanyooka kidogo. Bolti yenye meno ya kufungia nyuma kabisa, kama ya Lee-Enfield, inabanwa kwa urefu wake wote na bodi inanyooka pamoja nayo, ndiyo maana maganda yake hurefuka zaidi. Kwa upande huu bloku inayoshuka haina cha kuionea wivu bolti.

Katikati ya ukuta huo mara nyingi pamekatwa ili nyundo ipite, hivyo wanaobeba hasa ni mabega mawili, kushoto na kulia. Ndiyo tofauti kati ya sura mbili za Winchester ya mwaka 1885: bodi yenye kuta ndefu, ambazo zinaifunika bloku ubavuni hadi juu, ilitumika kwa risasi kubwa, yenye kuta fupi ikaachiwa risasi ndogo kama .22 na .32-20. Mitambo yao inafanana mno. Kilichopunguzwa ni chuma cha kubeba. Usimwamini mtu anayetaka kutoboa chemba ya risasi kubwa kwenye bodi ya kuta fupi kwa hoja kwamba wenzo wake ni imara.

Sasa wenzo na kiungo chake. Kwenye bunduki nyingi za aina hii mfereji hauko wima kamili. Umelala kidogo, ili bloku inapopanda iwe pia inasogea mbele na kulikalisha ganda. Kwa kulala huko, mlipuko unapata sehemu ndogo ya nguvu inayotaka kuiteremsha bloku. Kama mlalo ni nyuzi 3, sehemu hiyo ni kama asilimia 5 ya mzigo wote, na msuguano wa chuma kwa chuma peke yake kwa kawaida unaishinda. Kinachobaki, pamoja na mtikisiko wa bunduki inaporudi begani, kinazuiwa na kiungo kati ya wenzo na bloku. Wenzo ukifungwa mpaka mwisho, pini za kiungo zinafika kwenye mstari mmoja, au zinauvuka kidogo. Baada ya hapo, kuisukuma bloku chini hakuwezi kuugeuza wenzo. Wenzo peke yake ndio unaoweza kuishusha bloku. Springi au kibonye kidogo kinaushika wenzo usining'inie.

Unaweza kujipimia. Hakikisha chemba ni tupu kwa jicho na kwa kidole, funga wenzo, kisha kandamiza kichwa cha bloku kwa dole gumba. Isishuke hata kidogo. Ikishuka, au wenzo ukiwa unafunguka wenyewe bunduki inapopigwa, tazama matundu ya pini kama yameanza kuwa ya yai, kisha springi ya wenzo. Ila mchezo mdogo wa wenzo, huku bloku imetulia, si kasoro. Watu wengi hushtushwa na mchezo huo bure.

Ukivuta wenzo, mambo yanakwenda kwa zamu. Nyuzi chache za kwanza bloku haishuki. Kiungo kinatoka kwenye mstari wake, na kwenye miundo mizuri ndipo nyundo na pini ya kufyatulia zinavutwa nyuma. Kisha bloku inashuka, na lazima ishuke zaidi ya kipenyo cha ukingo wa ganda, ile duara iliyotokeza kitakoni. Kwa risasi ya .45-70 ukingo ni milimita 15.4, kwa hiyo mwendo wote huzidi hapo. Karibu na mwisho wa mwendo, bloku au wenzo unagonga mguu wa kitoa-ganda. Hicho ni kiwenzo kingine chenye mkono mfupi unaogongwa na mkono mrefu ulioshika ukingo wa ganda, na ndio unaolirusha au kulisogeza nje. Unaweka risasi mpya kwa mkono, unapandisha wenzo, ukingo wa juu wa bloku uliochongwa mteremko unaimalizia risasi milimita moja hivi ya mwisho, bloku inakaa mahali pake.

Ile zamu ya kwanza, pini kurudi kabla bloku haijashuka, ndiyo inayotenganisha muundo uliokomaa na ule wa mwanzo. Christian Sharps alipata hataza yake Marekani mwaka 1848. Bunduki zake za nyundo ya nje zilimwachia mpigaji kazi ya kuivuta nyundo hadi nusu kabla ya kushusha wenzo; asiyefanya hivyo anaishusha bloku huku pini bado imezama kwenye fataki, kile kikombe kidogo kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti, na ncha inapinda au inakatika. Ukishika Sharps, ya zamani au nakala yake mpya, jizoeze nusu-nyundo kabla ya jambo lolote. John Browning aliyepata hataza yake mwaka 1879, na ambaye muundo wake ulinunuliwa na Winchester, aliunganisha nyundo na bloku kiasi kwamba wenzo wenyewe unairudisha. Farquharson wa Scotland, hataza ya 1872, aliifungia nyundo ndani kabisa. Ruger No. 1 iliyotoka mwaka 1967 ilifuata sura yake hiyo, nayo pia ina nyundo isiyoonekana.

Hapa niseme neno moja juu ya Martini-Henry, maana watu huichanganya na hizi. Bloku yake haishuki kwenye mfereji. Imepachikwa kwa pini kwa nyuma, na ncha yake ya mbele ndiyo inayoinama. Remington ya bloku inayoviringika nayo ni kitu kingine kabisa, kwani pale nyundo yenyewe inakuja kuikaba bloku kwa nyuma. Ninayoyasema hapa juu ya ukuta na mfereji usiyapeleke huko.

Kwa nini wenzo unakuwa mgumu

Nguvu za kufunga si tatizo la bunduki hizi. Tatizo ni nguvu za kutoa. Bolti inapogeuzwa, mteremko uliochongwa kwenye mguu wake unalivuta ganda nyuma polepole kwa nguvu nyingi kabla halijaanza kutoka kwa kasi. Bloku inayoshuka haina mteremko huo. Kitoa-ganda kinagongwa mwishoni mwa mwendo, kwa ghafla, na nguvu yote ni ile ya mkono wako kupitia viwenzo viwili. Kwa hiyo kosa dogo ambalo bolti ingelimeza kimya kimya, hapa utalisikia mkononi.

Kabla ya kulaumu chochote, tofautisha ugumu wa aina mbili. Wenzo ukikataa mwanzoni kabisa, bloku ikigoma kuanza kushuka, shida iko kwenye uso wa bloku na fataki. Wenzo ukishuka vizuri kisha ukakwama karibu na mwisho, bloku imeshashuka na shida ni ganda ndani ya chemba. Tofauti hiyo peke yake inaokoa nusu ya upelelezi.

Aina ya kwanza haiko kwenye bolti, na mafundi waliozoea bolti huikosa. Bloku inateleza sambamba na kitako cha ganda, uso kwa uso. Chochote kinachotoka kwenye fataki na kuingia kwenye bloku lazima kikatwe ndipo bloku ishuke. Okota ganda lililopigwa, lishike kwenye mwanga, uitazame fataki kwa kioo cha kukuzia.

Ukiona alama ya pini ina mkia, mkwaruzo unaotoka kwenye kishimo kuelekea upande uliokuwa chini, pini inachelewa kurudi. Springi yake imechoka, au tundu lake limejaa grisi iliyoganda na uchafu wa baruti, au ncha imevimba. Toa pini, safisha tundu lake, irudishe ikiwa kavu au na mafuta membamba sana.

Ukiona kishimo kimezungukwa na mdomo ulioinuka, na mdomo huo umekatwa upande mmoja na kung'aa, basi metali laini ya fataki imetiririka kuingia kwenye tundu la pini. Huenda shinikizo ni kubwa kupita kiasi. Lakini kwenye bunduki za kale sababu ya kawaida ni tundu lenyewe: Winchester za mwanzo zilikuwa na pini nene, zilizotosha kwa baruti nyeusi. Ukizipiga kwa baruti isiyo na moshi, hata kwa kiasi cha wastani, kipande cha fataki kinaweza kutobolewa kikaingia ndani ya bloku, na gesi inafuata. Tiba inayojulikana ni fundi kuziba uso wa bloku kwa kipande kipya cha chuma na kutoboa tundu dogo la pini ya takriban milimita 1.9 hadi 2. Hiyo ni kazi ya fundi wa bunduki mwenye leseni na vipimo, si ya drili ya mkononi.

Na kama fataki haina mdomo wala mkia, ila yote imejitokeza nje ya kitako cha ganda kiasi cha kuguswa na ukucha? Hapo nafasi kati ya uso wa bloku na ganda ni kubwa mno. Pini inalisukuma ganda mbele, fataki inarudi nyuma mpaka iguse bloku, na risasi ikiwa ya shinikizo dogo ganda halipati nguvu ya kurudi kuifuata. Bloku inaikwaruza wakati wa kushuka. Kwa ganda lenye ukingo nafasi hiyo inapimwa kwenye unene wa ukingo, ambao kwa .45-70 ni milimita 1.78. Fundi anaikagua kwa geji mbili: ya kwanza lazima bloku ifunge juu yake, ya pili lazima ikatae. Risasi za shinikizo kubwa hukuficha dalili hii kwa kuwa kitako cha ganda hurudishwa nyuma kwa nguvu. Badala yake utaona mstari mng'avu kuzunguka ganda, juu kidogo ya kitako, mahali linapojiandaa kukatika. Maganda yenye mstari huo tupa, na bunduki isipigwe mpaka ipimwe.

Ukija kwenye aina ya pili, ganda kukwama chembani, kisa ni shaba. Ganda linavimba, linanata kwenye ukuta wa chemba, kisha shinikizo likishuka linajirudisha kidogo na kulegea. Shinikizo likiwa kubwa mno, hata chuma cha chemba kinatanuka. Kinaporudi kinarudi zaidi ya shaba inavyoweza kurudi, na chemba inalibana ganda. Ndiyo sababu ganda kukwama ni onyo la kwanza la risasi yenye nguvu kupita kiasi, na kwenye bunduki hizi onyo hilo linakuja mapema kuliko kwenye bolti. Mimi naliona jambo hilo kuwa sifa, ingawa wanaojaza risasi nyumbani hulalamikia bunduki.

Kama risasi ni za kiwandani na za kiwango sahihi, angalia chemba. Kutu ya kale iliyoacha vishimo, mikwaruzo ya duara, au masizi yaliyoganda karibu na shingo. Ganda lililotoka kwa shida likiwa na mikwaruzo ya urefu au vidoti vilivyoinuka vinavyorudi mahali pale pale kila mara, ni picha ya chemba yako. Masizi yanaondoka kwa brashi ya shaba na dawa ya kusafishia. Vishimo vinahitaji fundi. Usiipake chemba mafuta ukidhani ganda litateleza. Litateleza kweli, na kwa kuwa halitanata ukutani, nguvu yake yote itaangukia bloku. Paka tabaka jembamba la grisi kwenye ubavu wa bloku na pini za kiungo, chemba uifute iwe kavu.

Umbo la ganda nalo lina neno. Ganda lenye ukingo ulioinuka, kama .45-70 au .30-40 Krag, linampa kitoa-ganda mahali pana pa kushika, na ukingo huo huo ndio unaolizuia lisizame. Ganda lisilo na ukingo, lenye mfuo tu, linahitaji kucha ya springi inayoingia kwenye mfuo. Inafanya kazi, ila ncha yake ni ndogo na ikilika inaruka na kuliacha ganda pale pale.

Ganda likikwama, usipige wenzo kwa nyundo wala kuukanyaga. Kinachoumia kwanza ni kitoa-ganda, halafu pini ya kiungo, ile ile unayoitegemea kwa kufunga. Mtutu ukiwa umeelekea pasipo na mtu, shusha bloku yote kama inashuka, tazama fataki. Ikiwa imepigwa na risasi imetoka, ufito wa kusafishia ukiingizwa kutoka mdomo wa mtutu utalisukuma ganda kwa mdundo mdogo. Ikiwa risasi haijalipuka, ufito usiingie kabisa, mpelekee fundi. Na risasi isiyolipuka usiifungulie mara moja. Fataki inaweza kuchelewa, na ukishashusha bloku hakuna chuma chochote nyuma ya ganda. Hesabu nusu dakika kamili, mtutu ukiwa pale pale, ndipo uvute wenzo, uso ukiwa pembeni.

Upande wa kuweka risasi una hatari yake. Bloku haikuumbwa kusukuma risasi chembani. Risasi iingie yenyewe kwa kidole mpaka ukingo uguse. Ikibaki nje milimita 3 au 4, ukingo wa bloku unapopanda unaukuta mwili wa ganda au fataki yenyewe, na fataki iliyokaa juu ya usawa wa kitako ni kitu cha kuogopa hapo. Wenzo ukipata ukinzani wakati wa kufunga, rudisha chini, toa risasi, itazame. Mara nyingi utakuta fataki haikuzamishwa vizuri, au ganda limevimba.

La mwisho ni usahihi, ingawa hukuliuliza, kwa sababu hapo bloku hupewa lawama ambazo si zake. Mbao ya mbele ya bunduki hizi imefungwa mbali na mbao ya nyuma, na mara nyingi imeshikwa kwenye kitu kinachogusa mtutu. Kwenye Ruger No. 1 kuna mkono wa chuma unaotoka mbele ya bodi chini ya mtutu. Unabeba springi kuu na skrubu ya mbao ya mbele. Kwenye Winchester za mwanzo springi bapa ya nyundo imeshikizwa chini ya mtutu wenyewe. Unyevu ukibadilika au mtutu ukipata joto, mbao inausukuma mtutu kwa nguvu tofauti, na risasi zinapanda au kushuka kwenye shabaha bila mpigaji kubadili chochote. Jaribu hivi: piga kundi moja, legeza skrubu ya mbao ya mbele robo mzunguko, piga jingine. Kundi likihama waziwazi, kasoro iko kwenye mguso wa mbao na mtutu, na fundi atairekebisha kwa kupunguza mbao pale inapogusa au kuweka skrubu ndogo ya kusawazisha shinikizo kwenye ncha ya ule mkono. Bloku na mabega yake usiviguse.